Kuchagua kamera ya video: haja kwanza, bei baadaye

Watu wa Afrika Mashariki wanaoishi Birmingham, jiji la pili kwa ukubwa nchini Uingereza, hununua kamera ya video kwa sababu ambazo aghalabu hazimo katika matangazo ya watengenezaji.

Matangazo huonyesha vijana wakiteleza juu ya theluji au wakipiga mbizi baharini. Mnunuzi wa Small Heath, Sparkbrook au Handsworth ana jambo jingine moyoni. Anataka kurekodi nikaha ya binti yake ili bibi aliyeko Tanga aione. Anataka kuhifadhi simulizi za mzee wa miaka 85 angali na kumbukumbu. Au anataka ndugu yake asiyeruhusiwa kusafiri ayaone mazishi ya mama yao.

Shughuli za namna hiyo hazirudiwi. Aliyekosea kuchagua televisheni huirudisha dukani wiki ifuatayo, lakini aliyekosea kuchagua kamera hugundua kosa lake wageni wakiwa wamekwisha kuondoka.

Makala haya yanaeleza mambo ya kuzingatia kabla ya kutoa fedha, kwa mnunuzi wa Uingereza na kwa yule wa nyumbani anayeagiza kutoka huko.

Kutoka filamu hadi kadi

Kampuni ya Kodak ilipozindua filamu ya Super 8 mwaka 1965, kaseti moja ilidumu dakika tatu na ushei tu, bila sauti, na ilibidi ipelekwe maabara kusafishwa kabla ya kutazamwa. Familia iliyoweza kuimudu ilirekodi kwa uchache mno: bwana na bibi harusi wakitoka mlangoni, basi.

Kanda za VHS za kampuni ya JVC, zilizoanza kuuzwa Japani mwaka 1976, zilibadili hali hiyo. Katika miaka ya 1980 zikaja kamera zilizobeba kanda ndani yake, na harusi ya saa tatu ikawezekana kurekodiwa yote, pamoja na hotuba ambazo pengine hakuna aliyetaka kuzisikia mara ya pili.

Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni hadi mwaka 1994, ilhali Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970. Kwa hiyo nyumba zilizojiweza mjini Dar es Salaam zilikuwa na deki ya video kabla ya kuwa na kituo cha kutazama, na kanda iliyoletwa na ndugu kutoka Ulaya ilikusanya majirani sebuleni.

Kanda iliyorekodiwa Birmingham ilisomeka Mombasa au Dar es Salaam bila taabu, kwa kuwa Uingereza na nchi za Afrika Mashariki zilitumia mfumo mmoja wa PAL, wenye fremu 25 kwa sekunde. Iliyotoka Marekani, kwenye mfumo wa NTSC wenye fremu takriban 30, ilitoa mistari na rangi zilizokufa katika deki isiyoujua mfumo huo. Tofauti hiyo, kama itakavyoonekana hapa chini, haijafa pamoja na kanda.

Mwaka 1995 ilikuja kanda ndogo ya dijitali ya MiniDV. Baada yake zikafuata diski, kisha kumbukumbu za ndani ya kamera, na hatimaye kadi. Mwaka 2008 kampuni ya Canon ilitoa EOS 5D Mark II, kamera ya picha za mnato iliyoweza pia kurekodi video kwa ubora wa HD kamili, na tangu hapo mpaka baina ya kamera ya picha na kamera ya video umekuwa mwembamba.

Wakati huohuo simu ya mkononi ilikuwa ikikua, na ndiyo iliyoua kamera nyingi ndogo za familia. Mfano unaofaa kukumbukwa ni Flip, kamera ndogo ya mfukoni ya Marekani. Kampuni ya Cisco iliinunua biashara hiyo mwaka 2009 kwa takriban dola milioni 590, na ikaifunga mwezi Aprili 2011. Kamera ziliendelea kufanya kazi, lakini programu zake zikabaki yatima. Anayenunua kamera ananunua pia uhai wa kampuni iliyo nyuma yake.

Simu yatosha lini?

Kwa watu wengi, na hili wauzaji hawapendi kulisema, kamera inayowafaa tayari imo mfukoni mwao.

Simu ya daraja la kati iliyotengenezwa katika miaka ya karibuni hurekodi picha safi mchana, hutuliza mtikisiko wa mkono na hutuma video siku ileile. Kwa siku ya kuzaliwa ya mtoto, kwa salamu za Idi au Krismasi, na kwa mazungumzo ya karibu sebuleni, fedha za kununua kamera zingefaa zaidi kununulia maikrofoni ndogo ya kubana kwenye kola na stendi ya miguu mitatu. Vyote viwili vinaweza kupatikana kwa chini ya pauni 60.

Simu huanza kushindwa katika mambo manne. Haiwezi kuvuta picha ya kitu kilicho mbali bila kuiharibu. Hupata taabu katika ukumbi wenye giza. Hujaa, au huishiwa betri, au hupata moto na kujizima katikati ya shughuli ya saa tatu. Na mtu akipiga simu wakati wa kurekodi, kazi inaweza kukatika palepale. Anayeamua kuitumia katika shughuli kubwa aiweke katika hali ya ndegeni, aichomeke kwenye chaja na ahakikishe ina nafasi ya kutosha tangu asubuhi.

Historia ya Birmingham yenyewe ina mtu wa kukumbukwa katika suala la chombo na matumizi yake. Vanley Burke, mzaliwa wa Jamaica aliyefika Uingereza mwaka 1965, alipokuwa na umri wa miaka kumi alipewa zawadi ya Kodak Brownie 127, kamera rahisi kabisa ya picha za mnato. Kuanzia miaka ya 1960 aliwapiga picha watu weusi wa Handsworth katika harusi zao, misiba yao, makanisa yao na maandamano yao. Leo hifadhi ya kazi zake imo katika Maktaba ya Birmingham. Watafiti wanaoifungua hawaulizi kwanza ilipigwa kwa kamera ya bei gani.

Mwanga wa Birmingham

Mwezi Desemba jua hutua mjini Birmingham kabla ya saa kumi jioni. Harusi inayoanza baada ya adhuhuri huisha usiku, na shughuli karibu zote hufanyika ndani, chini ya taa za ukumbi.

Hapo ndipo ukubwa wa kihisi unapokuwa na maana. Kihisi ni kile kipande kilicho nyuma ya lenzi kinachogeuza mwanga kuwa picha. Kamera nyingi ndogo za familia zina kihisi chenye upana wa milimita sita hivi au pungufu. Kamera za lenzi za kubadilisha za daraja la kati zina kihisi chenye upana wa milimita 23 hivi, na eneo lake hupita la kwanza zaidi ya mara kumi. Kihisi kikubwa hukusanya mwanga zaidi, na picha ya usiku hutoka bila chembechembe zinazocheza kama mchanga.

Idadi ya pikseli inayoandikwa kwa herufi kubwa kwenye boksi haisemi lolote kuhusu jambo hili. Kamera ya HD kamili, yaani pikseli 1920 kwa 1080, yenye kihisi kikubwa na lenzi nzuri itashinda kamera ya 4K ya bei ya chini katika ukumbi wowote wa harusi.

Kuna suala jingine la mwanga ambalo vitabu vya maelekezo hulipita kimya. Kwa miongo kadhaa maabara za filamu zilirekebisha rangi kwa kadi ya mfano yenye sura ya mwanamke wa Kizungu. Vyombo vya leo vimeendelea, lakini kamera inapoachwa ijipimie mwanga bado huchukua wastani wa kila inachokiona. Bibi harusi mweusi akivaa gauni jeupe, au bwana harusi akivaa kanzu nyeupe, kamera huona weupe mwingi, hupunguza mwanga, na sura huzama kizani. Gauni linaonekana kila uzi wake, mwenyewe haonekani.

Dawa yake ni kamera inayomruhusu mtumiaji kugusa uso kwenye kioo ili mwanga upimwe hapo, au kuongeza mwanga kwa mkono. Mnunuzi aijaribu kabla ya kulipa: ashike karatasi nyeupe kando ya shavu lake, arekodi, atazame. Jaribio hilo la nusu dakika lina thamani kuliko ukurasa mzima wa sifa.

Taa nazo zina mdundo wao. Umeme wa Uingereza, kama ule wa Kenya, Uganda na Tanzania, hubadili mwelekeo kwa mizunguko 50 kwa sekunde, na taa nyingi humetameta mara 100 kwa sekunde bila jicho kutambua. Kamera iliyopangwa kwa soko la Marekani, ambako umeme ni wa mizunguko 60, hurekodi fremu 30 au 60 kwa sekunde, na katika kumbi za Birmingham au Nairobi inaweza kuonyesha mistari inayopanda na kushuka. Iwekwe katika fremu 25 au 50, na shata iwe moja ya hamsini ya sekunde. Huu ndio mzimu wa PAL na NTSC ambao bado unatembea. Baadhi ya kamera zilizonunuliwa Marekani au Japani hazikubali kabisa kubadilishwa, na aliyeletewa zawadi na shangazi wa Minneapolis ana haki ya kuuliza kabla ya kuitegemea.

Sauti, ambayo wengi huisahau

Mtazamaji huvumilia picha mbaya. Sauti mbaya humwondoa chumbani.

Jambo hili lina uzito wa pekee kwa familia zilizotawanyika. Anayetazama mazishi akiwa mbali hataki kuhesabu maua. Anataka kusikia wasifu ukisomwa, dua au mahubiri, jina lake likitajwa miongoni mwa watoto wa marehemu. Mzee akisimulia jinsi alivyohama Kigoma au Bukavu, kilichomo ndani ya maneno yake ndicho hazina, na sura yake ni nyongeza tukufu.

Maikrofoni iliyojengwa ndani ya kamera husikia kila kitu kwa usawa: mtoto anayelia safu ya pili, vijiko, mlango, na msemaji aliye mita kumi. Kumbi za jumuiya zenye sakafu ngumu na kuta tupu huongeza mwangwi.

Kwa sababu hiyo kamera isiyo na tundu la kuchomeka maikrofoni ya nje isinunuliwe kwa kazi yoyote nzito, hata kama ni ya bei ya kutupa. Tundu hilo, la milimita 3.5, limeondolewa katika kamera nyingi za bei nafuu. Tundu la pili, la kusikilizia kwa hedifoni, ni bora zaidi kuwa nalo, kwani ni njia ya kujua kwamba maikrofoni imezimika kabla sheikh au mchungaji hajamaliza.

Asiye na uwezo wa kununua kamera ya namna hiyo ana njia ya mkato inayotumiwa hata na wataalamu. Aweke simu ya pili au kinasa sauti kidogo karibu na msemaji, arekodi sauti peke yake, kisha aiunganishe na picha wakati wa kuhariri. Kupiga makofi mara moja mbele ya kamera mwanzoni hurahisisha kuoanisha viwili hivyo.

Upande wa wanawake

Katika harusi za Waswahili wa pwani na Wasomali, na kwa Waislamu wengine wengi, sherehe ya wanawake hufanyika peke yake. Wanawake hujipamba, huvua buibui na kucheza wakijua kwamba hakuna mwanamume anayewaona. Kamera inayoingia humo hubeba amana.

Simu ndiyo chombo kibaya kuliko vyote mahali hapo. Simu nyingi hupeleka nakala za picha kwenye hifadhi ya intaneti zenyewe, bila mwenye simu kukumbuka, na nakala hiyo huweza kuonekana kwenye kompyuta ya nyumbani anayoitumia kaka au mume. Si ajabu kwamba katika baadhi ya kumbi simu hukusanywa mlangoni.

Kamera ya kawaida isiyounganishwa na intaneti, inayoandika kwenye kadi moja inayoshikika kwa mkono, inafaa zaidi. Sherehe inapokwisha kadi hutolewa na kukabidhiwa mama wa bibi harusi. Hakuna nakala nyingine duniani. Kamera nyingi mpya zina Wi-Fi na Bluetooth, na vyote viwili vizimwe kabla ya kuingia.

Familia inayokodi mpiga video, mwanamke bila shaka, na iulize pia kazi itahaririwa wapi na nani, na kadi itafutwa lini. Maswali hayo yaandikwe katika mapatano kabla ya malipo ya awali. Kuona haya kuyauliza kumeleta ugomvi mkubwa kuliko bei.

Kuvuta picha kutoka mbali

Tarehe 30 Julai 2022, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola iliyofanyika Birmingham, mbio za marathoni za wanaume ziliishia kwa namna ambayo Afrika Mashariki haitaisahau: Victor Kiplangat wa Uganda wa kwanza, Alphonce Simbu wa Tanzania wa pili, Michael Githae wa Kenya wa tatu. Siku nne baadaye, usiku, Ferdinand Omanyala wa Kenya alishinda mita 100 katika uwanja wa Alexander kwa sekunde 10.02.

Matukio hayo mawili ni somo zuri la lenzi. Aliyesimama kando ya barabara siku ya marathoni aliweza kumpata Simbu kwa simu, kwa kuwa mkimbiaji alipita mita chache mbele yake. Aliyeketi juu uwanjani alihitaji lenzi inayovuta.

Kuna mvuto wa aina mbili. Ule wa lenzi husogeza vioo vyenyewe, na ubora wa picha hubaki. Ule wa dijitali hukata kipande cha picha na kukitanua, kama mtu anayekuza picha ya gazeti hadi vitone vyake vionekane. Boksi likiandika mara 400, au idadi yoyote ya kustaajabisha, aghalabu ni huo wa pili. Idadi ya lenzi ndiyo ya kuulizia, na mara 20 inatosha kwa karibu kila haja ya familia, kuanzia mahafali ya chuo kikuu hadi mechi ya mtoto ya Jumapili. Kwa mvuto wa kiasi hicho stendi ya miguu mitatu si anasa tena. Mkono wa binadamu hutikisika.

Kamera ya lenzi za kubadilisha, pamoja na sifa zake gizani, hapa huwa ghali, kwa sababu lenzi moja ya kuvuta mbali inaweza kupita bei ya kamera yenyewe.

Fedha

Kati ya pauni 200 na 400 mtu hupata kamera ndogo ya familia ya HD kamili kutoka kwa kampuni inayojulikana, ikiwa mpya au iliyotumika. Katika daraja hilohilo soko la mtandaoni limejaa kamera zisizo na jina zinazojitangaza kuwa za 4K. Nyingi hurekodi picha ndogo na kuitanua tu. Ziachwe.

Karibu na pauni 500 kuna kamera za kushika mkononi zenye kitulizi cha mtikisiko, kama DJI Osmo Pocket 3 ya mwaka 2023. Zinafaa sana kwa anayetembea na kusimulia, si kwa anayerekodi kutoka nyuma ya ukumbi. Kuanzia hapo hadi karibu pauni 1,000 zimo kamera za lenzi za kubadilisha kama Sony ZV-E10 ya mwaka 2021. Kamera kamili ya shughuli, yenye lenzi ya kuvuta mara 20 na nafasi mbili za kadi, mfano wa Canon Legria HF G70 ya mwaka 2022, hugharimu pauni elfu moja na zaidi. Nafasi mbili za kadi maana yake kadi moja ikiharibika, ya pili ina harusi nzima. Kwa anayetaka kufanya kazi hii kwa malipo, sifa hiyo peke yake inatosha kuamua.

Bei ya kamera si bei yote. Theluthi moja ya bajeti itengwe kwa betri ya ziada, maikrofoni, stendi na kadi.

Kadi zina hesabu yake. Video ya 4K kwa megabiti 100 kwa sekunde hula gigabaiti 45 kwa saa, ilhali HD kamili kwa megabiti 28 hula chini ya 13. Alama ya V30 kwenye kadi ina maana kwamba haitapungua megabaiti 30 kwa sekunde inapoandika, na hiyo yatosha. Kadi bandia ni nyingi sokoni, zikionyesha ukubwa ambao hazina na kupoteza kila kinachozidi uwezo wao wa kweli. Kadi mpya ijazwe yote nyumbani na kutazamwa kabla ya kupelekwa kwenye shughuli.

Kamera iliyotumika na sheria

Maduka ya kamera mitaani yamepungua. Jessops, kampuni iliyoanzishwa Leicester mwaka 1935, ilifunga maduka yake yote 187 mwezi Januari 2013, ingawa jina lake lilirejea baadaye mwaka huohuo. Biashara kubwa sasa iko mtandaoni, na sehemu yake nzuri ni ya vyombo vilivyotumika.

Anayenunua kamera ya picha iliyotumika, iliyotengenezwa kabla ya mwaka 2020 hivi, aulize kama hurekodi kwa mfululizo. Nyingi za zamani hujizima kila zinapofika dakika 29 na sekunde 59. Sababu haikuwa ya kiufundi peke yake: forodha ya Umoja wa Ulaya ilihesabu kamera inayorekodi dakika 30 au zaidi kuwa ya video na kuitoza ushuru wa juu, na watengenezaji wakaona ni nafuu kuikata. Katika misa au nikaha ndefu, hiyo ni hasara.

Sheria ya Haki za Wanunuzi ya mwaka 2015 inampa aliyenunua kwa mfanyabiashara siku 30 za kurudisha chombo kibovu na kudai fedha zake zote, hata kama kilikuwa kimetumika. Aliyenunua mtandaoni kutoka kwa mfanyabiashara ana siku 14 tangu kukipokea za kubadili nia bila kutoa sababu. Aliyenunua kwa mtu binafsi ana kinga ndogo sana: chombo kilingane na maelezo yaliyotolewa, basi. Na anayelipa kwa kadi ya mkopo kitu cha zaidi ya pauni 100 na kisichozidi pauni 30,000 anaweza kuidai benki yake muuzaji akitoweka. Kinga hiyo ni ya tangu mwaka 1974, na haipo kwa anayelipa taslimu maegeshoni.

Kupeleka nyumbani

Zamani mgeni kutoka Afrika Mashariki aliweza kurudishiwa VAT, ambayo sasa ni asilimia 20, kwa bidhaa alizoondoka nazo kwenye begi. Mpango huo ulifutwa England, Scotland na Wales tarehe 1 Januari 2021. Wapo ndugu ambao bado huombwa wanunue kamera Uingereza kwa sababu ya unafuu usiokuwapo tena. Bei ya duka la Nairobi au Dar es Salaam ilinganishwe kwanza, pamoja na dhamana, kwani dhamana ya Uingereza huenda isitambuliwe huko.

Plagi za pini tatu za Uingereza huingia bila taabu Kenya, Uganda na Tanzania. Betri za ziada husafirishwa katika mzigo wa mkononi, ncha zake zikifunikwa, na haziruhusiwi katika begi linaloshushwa chini ya ndege. Risiti ibebwe kwa ajili ya forodha.

Kama kinachopelekwa ni video na si kamera, faili la saa mbili za 4K lenye gigabaiti 90 halitamfikia mtu anayenunua data kwa bando. Litolewe upya kwa HD ya megabiti 8, gigabaiti 3.6 kwa saa, katika mfumo wa H.264 ambao televisheni na kompyuta za zamani huusoma. Likitumwa kwa WhatsApp kama video ya kawaida hubanwa na kupoteza ubora, hivyo bora liwekwe kwenye flashi na kupewa msafiri.

Kanda zilizomo kabatini

Familia nyingi zitakazonunua kamera mpya zina boksi la kanda za VHS na MiniDV ambazo hakuna anayezitazama. Kampuni ya Funai ya Japani, iliyokuwa ya mwisho kutengeneza deki za VHS, iliacha mwezi Julai 2016. Kamera za MiniDV hazitengenezwi tena, na kompyuta mpya hazina mlango wa FireWire uliotumika kuzihamisha.

Kanda za sumaku hufifia, na unyevu wa ghala la Birmingham au wa Mombasa huharakisha. Aliye na pauni 100 tu za kutumia mwaka huu, na boksi kama hilo kabatini, azitumie kwanza kunakilisha kanda hizo. Aanze na zile zenye sauti za waliokwisha kufariki, adai arudishiwe kanda zenyewe pamoja na faili, na asizitupe hata baada ya kunakiliwa.